Kitabu Kimoja, Wasomaji Wengi: Ufafanuzi Kuhusu Kanuni za Maktaba za Jamii

Tangu mwaka huu uanze, ofisi yetu imekuwa ikipokea malalamiko mengi kutoka kwa watumiaji wa maktaba ndogo za jamii, yaani zile zinazoendeshwa na kamati za wananchi katika kata na vijiji kwa ushauri wa wakutubi. Wengi wanalalamikia kudaiwa mdhamini wakati wa kujiandikisha, kutozwa faini wanapochelewesha vitabu, na kukataliwa kwa vitabu wanavyotoa kama msaada. Makala haya yanafafanua utaratibu tunaozishauri kamati kuufuata na sababu zake. Hayachukui nafasi ya kanuni ambazo kila kamati imejiwekea, na pale ambapo kanuni hizo zinatofautiana na maelezo haya kwa viwango au kwa muda, mwanachama afuate zile zilizobandikwa katika maktaba yake.

Kwa upande wa Tanzania Bara, dhamana ya huduma za maktaba za umma iko kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 1975, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1963. Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na baada yake zikafuata maktaba za mikoa na za wilaya. Maktaba ya jamii ni ndogo kuliko zote hizo, na udogo wake ndio unaoifanya ihitaji uangalifu zaidi. Maktaba kubwa ikipoteza nakala moja ya kitabu cha Fizikia, huenda ikawa na nakala nyingine rafuni. Maktaba ya kata, ambayo kwa kawaida ina nakala moja tu, ikiipoteza hiyo haina tena kitabu hicho, na mwanafunzi atakayekiuliza kesho ataondoka mikono mitupu. Ninawaomba wasomaji wazingatie jambo hilo moja, kwa sababu karibu kila kanuni inayolalamikiwa iliwekwa kwa ajili ya msomaji anayefuata.

Kujiandikisha hufanyika kwa fomu moja. Mwombaji hujaza jina lake, mahali anapoishi, namba ya simu na kazi anayofanya au shule anayosoma, huambatanisha picha mbili za pasipoti, kisha huonyesha kitambulisho. Asiye na kitambulisho huleta barua ya utambulisho kutoka ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji. Sehemu ya pili ya fomu hujazwa na mdhamini, ambaye anatakiwa kuwa mkazi wa kata anayefahamika, na kwa mwanafunzi mdhamini ni mzazi, mlezi au mwalimu mkuu wa shule yake. Mdhamini hatoi fedha yoyote anaposaini. Jambo hili limeelezwa mara nyingi katika mikutano ya hadhara, na bado wapo wanaoeneza kwamba kumdhamini mtu maktaba ni sawa na kumdhamini mkopo wa benki. Si kweli, na maneno hayo yanawanyima watoto kadi. Wajibu wa mdhamini ni kumtafuta mwanachama na kumkumbusha pale anapojulishwa kuwa kitabu hakijarudi, na endapo mwanachama amehama au haonekani, kusaidia kitabu kirudi au kifidiwe.

Ieleweke pia kwamba anayetaka kusoma humo humo ndani hahitaji kadi wala mdhamini. Huandika jina lake katika daftari la wageni, huacha begi lake mlangoni na kuingia na daftari na kalamu. Wanafunzi wengi wanaojaza viti vyetu kuanzia Septemba hadi mitihani ya kidato cha nne huja na madaftari yao wenyewe, hawagusi kitabu chochote cha maktaba, na wanakaribishwa, kwa kuwa nyumbani kwao huenda hakuna meza wala taa. Hata hivyo, kiti ni cha aliyekikalia. Haturuhusu mtu kutandaza madaftari juu ya meza saa mbili asubuhi na kurudi saa nane mchana akidai nafasi yake.

Wananchi huona kitabu kikiwa rafuni na kudhani kwamba kimetoka katika boksi moja kwa moja hadi hapo. Kila kitabu kinapopokelewa huandikwa katika rejesta: tarehe, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, bei au jina la aliyekitoa. Hupewa namba yake ya kuingizia, ambayo hakuna kitabu kingine kitakachopewa hata kama ni nakala ya kitabu kile kile. Hupigwa mhuri nyuma ya ukurasa wa jina na katika kurasa nyingine za siri ambazo kila maktaba inazijua yenyewe. Kisha hupangwa kwa mfumo wa desimali wa Dewey, ambao ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876 na hugawa maarifa yote katika makundi kumi. Anayetafuta kitabu cha ufugaji wa kuku ataelekezwa 636.5, historia ya Tanzania iko 967.8, na fasihi ya Kiswahili iko 896.392. Namba hiyo huandikwa kwenye lebo ya mgongoni. Msomaji anayechomoa kitabu cha kuku na kukirudisha kwa hisani yake mwenyewe kati ya vitabu vya historia amekipoteza kitabu hicho kama vile angekichukua, kwa kuwa hakuna atakayekitafuta huko hadi siku ya kuhesabu. Ndiyo maana tumeandika kwenye kila raf kwamba kitabu kilichosomwa kiachwe mezani, na tunaomba maandishi hayo yasomwe.

Mwanachama huazima vitabu viwili kwa siku 14. Mhudumu huchomoa kadi iliyomo katika mfuko wa jalada la nyuma, huandika namba ya mwanachama, huigonga mhuri wa tarehe ya kurudisha, na tarehe hiyo hiyo hugongwa kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya kitabu. Hakuna mwenye sababu ya kusema hakujua tarehe, maana ameibeba hadi nyumbani. Muda unaweza kuongezwa mara moja kwa siku 14 nyingine, ikiwa hakuna msomaji mwingine aliyekiwekea kitabu hicho nafasi, na ombi linaweza kutolewa kwa simu. Baada ya hapo faini huanza kuhesabiwa, ambayo katika maktaba nyingi tunazozishauri ni shilingi 100 kwa kila kitabu kwa kila siku ambayo maktaba ilikuwa wazi. Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Faini haiwezi kuzidi bei ya kitabu chenyewe. Kadi ya mtoto haitozwi faini bali husimamishwa kwa muda sawa na siku alizochelewa. Kila malipo hutolewa stakabadhi, na mwananchi aliyelipa bila kupewa stakabadhi anayo haki ya kuidai na anashauriwa asiondoke bila kuipata.

Kitabu kikipitiliza siku 7, mwanachama hupigiwa simu. Zikipita siku 21 huandikiwa barua, nakala kwa mdhamini. Zikipita siku 60, kitabu huhesabiwa kuwa kimepotea, uanachama husitishwa, na suala hupelekwa kwenye kamati, ambayo inaweza kumwomba Mtendaji wa Kata asaidie kulisuluhisha. Aliyepoteza kitabu hutakiwa kuleta kitabu hicho hicho, chapa ile ile au iliyo mpya zaidi, au kulipa bei yake ya sasa dukani pamoja na gharama ya lebo na mfuko. Hapa lazima nieleze jambo linalojirudia kila mwezi. Kitabu kilichotolewa fotokopi na kubanwa kwa pini ya plastiki steshenari hakipokelewi kama fidia, hata kama kimewekewa jalada la rangi na kinasomeka vizuri kuliko kile cha awali. Kazi za waandishi zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na taasisi ya umma haiwezi kupanga rafuni nakala ambayo mwandishi na mchapishaji wake hawakuiruhusu. Kwa sababu hiyo hiyo, tusilaumiwe tunapokataa kitabu kizima kitolewe kivuli.

Kitabu kikichanika, kirudishwe kikiwa kimechanika hivyo hivyo. Wapo wanaoona aibu wakakibandika selotepu kwa nia njema. Baada ya muda selotepu hugeuka rangi na kuwa ya manjano, ule unato huingia ndani ya karatasi na kuacha doa lisilotoka, na mara nyingi plastiki yenyewe hudondoka huku maandishi yakiwa yameharibika. Sisi huunganisha ukurasa kwa karatasi nyembamba na gundi ya wanga, tukaubana chini ya uzito hadi ukauke. Kuchanika kwa bahati mbaya hakuna faini. Kukata kurasa kwa wembe, hasa za maswali ya mitihani iliyopita, ni uharibifu wa makusudi na hutozwa kama kitabu kilichopotea.

Suala la misaada ndilo linaloleta manung'uniko makali zaidi, na ninaelewa uchungu wa mtu aliyechangisha vitabu mjini au ughaibuni, akalipia usafiri, kisha akaambiwa kwamba nusu ya shehena haitapangwa. Tunawashukuru wote wanaojitolea, na hakuna maktaba ya jamii inayoweza kuishi bila wao. Lakini nafasi ya maktaba ya kata ni chumba kimoja chenye raf chache, na kila kitabu kisichosomwa kinakalia nafasi ya kitabu ambacho kingesomwa. Tunapofungua maboksi hayo mara nyingi tunakuta miongozo ya programu za kompyuta ambazo hazitumiki tena, majuzuu matatu ya ensaiklopidia isiyo kamili, na vitabu vya sheria za kodi za nchi nyingine. Hivyo havimsaidii mkulima wa mahindi wala mwanafunzi wa darasa la nne.

Vitabu vya kiada vina tatizo lake. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa kwa awamu kuanzia Januari 2024, na umekuja na masomo mapya, likiwamo la Historia ya Tanzania na Maadili. Kitabu cha mtaala wa zamani kikipangwa rafuni bila alama yoyote, mtoto atakisoma kwa bidii na kujiandaa kwa mada ambazo hataulizwa. Kabla ya kununua au kukusanya vitabu vya shule, mfadhili aangalie kwanza vile vinavyopatikana katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kisha aiombe kamati orodha ya mahitaji. Orodha hiyo hutolewa bure. Mara nyingi kinachoombwa ni hadithi za watoto za Kiswahili, kamusi, vitabu vya kilimo na mifugo, na fedha za magazeti, ambazo kwa bahati mbaya hakuna anayependa kuzitoa kwa kuwa hazipigiwi picha.

Wapo pia wanaodai kwamba wakutubi wanatupa mali ya umma wanapoona vitabu vimetolewa rafuni. Kitabu hakitolewi kwa utashi wa mtu. Orodha hupelekwa kwenye kikao, sababu huandikwa kwa kila kitabu, iwe ni mchwa, ukungu, kurasa pungufu au maudhui yaliyopitwa na wakati, na baada ya kuidhinishwa mstari wake katika rejesta hukatwa kwa wino mwekundu, ukatiwa tarehe na sahihi. Namba yake haipewi kitabu kingine. Mwananchi yeyote anaweza kuomba kuiona rejesta hiyo.

Kile ambacho mwananchi hawezi kuonyeshwa ni kumbukumbu ya nani ameazima nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihusu kamati za maktaba kama inavyowahusu wengine wanaokusanya majina na namba za simu, na kamati zinakumbushwa kufuatilia usajili wao kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Fomu zitunzwe katika kabati lenye kufuli. Mwajiri, mchumba au jirani akiuliza fulani anasoma vitabu gani, jibu ni kwamba hatusemi. Msomaji anayekihitaji kitabu kilichoazimwa atajazishwa karatasi ya kuweka nafasi na atapigiwa simu kitakaporudi, bila kutajiwa jina la aliye nacho.

Hili linahusu pia zoezi la kuhesabu vitabu, ambalo hufanyika Desemba shule zikiwa zimefungwa na ambalo hulazimu maktaba kufungwa kwa wiki moja. Vitabu vyote virudishwe kabla ya siku hiyo, hata vile ambavyo muda wake haujaisha. Baada ya zoezi la mwaka uliopita, baadhi ya kamati zilibandika mlangoni majina ya wadaiwa pamoja na namba zao za simu. Taarifa hizo zilitolewa na wanachama kwa ajili ya kuazima vitabu, na haziruhusiwi kutumiwa kwa kuwaaibisha. Kamati ambazo bado zina orodha hizo ukutani zizibandue mara zinaposoma maelezo haya, na ufuatiliaji wa madeni uendelee kwa simu na kwa barua kama ilivyoelezwa hapo juu.