Mchicha wa siku ya kumi na mbili

"Hali kitu huyu, daktari. Miye nshachoka." Hapa kwetu kila mvaa koti jeupe ni daktari; mimi ni mtu wa lishe tu, nipo Chake Chake, Pemba, na maneno haya nayasikia karibu kila wiki. Anayesemwa huwa amekaa mapajani mwa mamake, shavu limemjaa, mkononi ana pakiti ya biskuti. Kabla sijasema lolote juu ya mboga huomba kadi ya kliniki.

Mtoto aliyezaliwa na kilo 3, akitimiza mwaka huwa na kama kilo 9. Mwaka wa pili huongeza kilo 2 au 2 na nusu, basi. Mwili umepunguza mbio, na hamu ya chakula hupungua nayo. Mama anamwona yule aliyekuwa akimaliza bakuli la uji sasa anageuza uso, anadhani mtoto ana maradhi au kapigwa jicho. Mstari wa kadi ukiwa unapanda vizuri, njaa haimo.

Tena huu ndio umri wa kutoamini. Aliyekwishajua kutembea anaweza kufika kichakani peke yake, na kuyaogopa majani asiyoyajua ni kinga aliyozaliwa nayo. Ulimi wa mtoto nao unausikia uchungu kuliko wetu. Kaanza dunia na maziwa matamu ya mamake, leo mnampa mchunga!

Kosa ninalokutana nalo sana haliko kwenye mboga, liko kwenye saa. Asubuhi chai na boflo. Saa nne biskuti. Saa tano juisi ya paketi kwa kuwa kaka yake karudi nasari nayo. Saa sita kitumbua kwa jirani. Saa saba mnamwekea wali na mchicha, na tumbo lenyewe ni dogo. Na chai ina balaa lake jengine: huuzuia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga. Mtoto wa umri huo hana haja ya chai.

Wangu mwenyewe alinifedhehesha. Alikuwa na miaka miwili na ushei, mchicha akiuita "majani ya mbuzi". Nilimbembeleza, nikakifanya kijiko ngalawa inayotia nanga mdomoni, mwisho nikamuahidi ubuyu. Mtaalamu mzima! Ukimwahidi mtoto ubuyu ili ale mchicha umeshamwambia kuwa mchicha ni adhabu na ubuyu ndio chakula.

Aliyeniokoa ni mama mkwe wangu, alipokuja kutoka Wete kukaa nasi. Yeye alitandika mkeka, akaweka sinia, na upande wa mtoto akaweka juu ya wali uzi mmoja wa mchicha wa tui, haufiki ukucha. Akala wake. Hakusema kitu. Siku ya kwanza uzi ule ulikwenda kwa paka. Siku ya pili mtoto aliubandika ukingoni mwa sinia akaukandamiza kwa kidole mpaka ukawa bapa. Nilitaka kusema neno, bibi akanitazama, nikanyamaza. Nikawa natia alama kwenye kalenda ya ukutani. Siku ya saba aliramba tui, akafutia ulimi kwenye kanga ya bibi yake. Ya kumi na moja alitafuna akatema. Ya kumi na mbili akameza, kisha akaomba samaki, kama kwamba hapajatokea jambo.

Tafiti nyingi zinataja mara 8 hadi 15 kabla mtoto hajaikubali ladha mpya. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu au ya nne, wakasema "huyu mboga hapendi", na mtoto anasikia.

Kwa hiyo nawaambia kina mama: nyinyi chagueni chakula, saa na mahali. Ale au asile, ale kiasi gani, mwachieni yeye. Baada ya nusu saa sinia liondoke bila ugomvi, na lisifuatwe na biskuti. Hapo ndipo mashangazi wanaponikatalia: eti mtoto alale na njaa? Halali na njaa. Atakula vizuri zaidi jioni.

Jikoni sina mengi. Mchicha usiuchemshe ukamwaga maji yake. Ukatekate, utie kwenye tungule na vitunguu, umalizie na tui. Mafuta ya nazi yaliyomo ndani ya tui huusaidia mwili kuchukua vitamini A. Ukishaepua kamulia ndimu, maana vitamini C huvuta madini ya chuma. Kisamvu ni habari nyengine: kibichi kina sumu, kitwangwe na kichemke sana. Boga la nazi ni mlango mwepesi kwa kuwa lina utamu wake. Karoti mbichi usimpe vipande, humkaba. Kuisaga mboga ndani ya mchuzi sikukatazi, ila aione nyengine kwa macho, asije akajua mchuzi tu.

Na dawa za kuongeza damu za dukani, tafadhali, asipewe kabla hajapimwa. Utafiti uliofanyika hapahapa Pemba, ukachapishwa mwaka 2006 kwenye jarida la The Lancet, ulionesha kuwa watoto wadogo waliopewa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku, wakati malaria imeshamiri, walilazwa au kufariki kwa wingi kuliko wasiopewa. Waliokuwa na upungufu wa kweli walinufaika. Kwa hiyo kipimo kwanza.

Mlete upesi kama mstari wa kadi umelala au unashuka, kama anapaliwa kila anapokula, au anakula udongo. Uliza pia alipewa lini dawa ya minyoo.

Wangu sasa anakula mchicha, matembele na boga. Bamia bado. Kalenda ina alama tisa na utelezi ule haumwingii kabisa. Nilipomlalamikia bibi yake kwa simu alicheka: "Huyo kamfata babake. Bamia hajala mpaka leo, na mtoto anamwona."