Kiwewe cha vita ni nini, na kwa nini pombe huwa haiko mbali nacho

Kila mtaa una mjeda wake mstaafu ambaye watu wanamwelezea kwa maneno manne tu, "yule mzee haongei kabisa". Asubuhi anafagia uwanja wake, jioni utamkuta grosari kakaa kwenye kona, mgongo ukutani, uso mlangoni, bia mbele yake, ukimsalimia anaitikia vizuri tu ila maongezi yanaishia hapohapo. Watu wanasema ndo jeshi hilo, nidhamu. Na inawezekana kweli, kuna watu Mungu kawaumba wakimya na hawana shida yoyote. Lakini kuna ukimya mwingine ambao ni dalili, na huo mara nyingi unatembea na ulevi, kwa sababu vyote viwili vinafanya kazi moja.

Tuanze na maana. Kiwewe ni kile kinachobaki kwa mtu baada ya kupitia au kushuhudia jambo la kutishia uhai, iwe vita, ajali mbaya, ubakaji, kuvamiwa na majambazi. Siku za mwanzo karibu kila mtu atatetemeka, atakosa usingizi, ataota vibaya, hiyo ni kawaida na wengi inawaisha yenyewe, hata vitani wengi wanaorudi hawaumwi. Ila ikipita mwezi mzima bado ipo na imeanza kuvuruga kazi, usingizi na ndoa, hapo madaktari wanaita PTSD, na ni ugonjwa kama magonjwa mengine, una dalili zake na una tiba.

Dalili zake wanazigawa mafungu manne. Fungu la kwanza ni kurudiwa, na hapa watu wengi hawaelewi, wanadhani ni kukumbuka tu. Kukumbuka unajua upo nyumbani unawaza mambo ya zamani. Kurudiwa ni mwili kuamini kwamba lile tukio linatokea sasa hivi. Bodaboda inapita inapiga risasi kwenye ekzosi, pa! pa!, na mtu mzima wa miaka hamsini ameshalala chini kabla hajajua kafanya nini, moyo unadunda, jasho, harufu ya dizeli inamjia puani wakati hapo hakuna gari lolote, halafu ananyanyuka anajipangusa vumbi huku watoto wanamcheka. Mke wa mtu kama huyu anajifunza mapema kwamba mumewe haamshwi kwa kumgusa bega, anasimama mlangoni, mbali kidogo, anamwita "baba Neema, baba Neema" mpaka afungue macho, kwa sababu siku ya kwanza alipomgusa alijikuta kakabwa shingo na mtu ambaye bado yuko usingizini.

Fungu la pili mwili unakuwa lindo muda wote. Usingizi mwepesi, hasira za karibu, kukagua milango mara tatu, kwenye basi lazima akae nyuma ili aone wote. La tatu ni mawazo na hisia kugeuka, anajiona hana thamani, haamini mtu, furaha haiji hata kwenye harusi ya mwanae, na lile swali la kwa nini wenzangu wamekufa mimi nikabaki. La nne ni kukwepa. Hapa ndo penye kiini cha maneno yangu yote.

Kukwepa ni kufanya kila namna usikutane na kile kitu. Hapiti njia fulani, haangalii taarifa ya habari ikiwa na mapigano, haendi misiba ya kijeshi, hapokei simu za waliokuwa naye kikosi kimoja, na juu ya yote haongei. Na kukwepa kunalipa, ndo ubaya wake, maana ukikwepa leo unapata nafuu leoleo. Ila ubongo haupati kamwe nafasi ya kujifunza kwamba ile hatari imeshaisha, kwa hiyo kesho hofu ipo palepale, na eneo la kukwepa linaongezeka kidogokidogo mpaka mtu anabaki na uwanja wake, ufagio, na kile kiti cha grosari.

Sasa pombe ni kukwepa kwa kumimina. Huyu mtu hanywi kwa ajili ya starehe, anakunywa ili alale. Na mwanzoni inafanya kazi kweli, bia tatu nne usingizi unakuja, hamna ndoto. Tatizo pombe inaleta usingizi wa nusu ya kwanza ya usiku tu, ikishaanza kutoka mwilini saa nane tisa usiku, usingizi unakatika na ndoto zinarudi kwa fujo, kwa hiyo anaamka kachoka zaidi ya alivyolala, na jioni anahitaji nyingi zaidi. Ubongo nao haukai kimya. Ni kama umekaa na redio ya jirani, we unapunguza sauti yeye anaongeza, unapunguza anaongeza, siku ukiacha kupunguza sauti yote inakuvaa kwa mkupuo. Ndo ile mikono inayotetemeka asubuhi mpaka azimue kwanza ndo aweze kushika kikombe. Kufika hapo ana magonjwa mawili, na kila moja linalisha lenzake.

Watu wamechelewa sana kulielewa hili. Vita ya kwanza ya dunia Waingereza walidhani ni mshindo wa mabomu umetikisa ubongo, daktari mmoja anaitwa Charles Myers akaandika kwenye jarida la Lancet mwaka 1915 kuhusu askari walioharibika bila kuwa na jeraha lolote linaloonekana. Jeshi lao lilikuwa na jibu lingine, askari 306 wa Uingereza na makoloni yake walipigwa risasi na watu wao wenyewe kwa makosa kama utoro na woga, na walikuja kusamehewa mwaka 2006, wameshakufa miaka tisini. Jina la PTSD lenyewe liliingia kwenye kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya waliorudi Vietnam kupiga kelele miaka na miaka.

Kwetu Tanzania hatuongei sana haya ila watu wapo. Kuna wazee wa vita vya Kagera, waliovuka Mutukula na kuingia Kampala Aprili 1979, wengine walikuwa wakulima na walimu wa kawaida tu waliojiunga mgambo. Kuna vijana wa juzijuzi waliovaa kofia za bluu za kulinda amani za Umoja wa Mataifa, saba waliuawa Darfur siku moja Julai 2013, na tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki kule mashariki mwa Kongo ilivamiwa, mapigano yakaenda masaa mengi, zaidi ya kumi wakafa. Waliokufa tuliwapokea na bendera. Waliotoka wazima walipanda ndege, wakafika, wakaulizwa na mashemeji "eti umeua wangapi?".

Hilo swali usimuulize mtu. Na si suala la adabu peke yake. Kuna kitu kingine kinakaa jirani na kiwewe, wengine wanakiita jeraha la dhamiri, daktari wa Kimarekani Jonathan Shay alikiandikia sana miaka ya tisini kutokana na wagonjwa wake wa Vietnam. Kiwewe cha kawaida kiini chake ni hofu. Jeraha la dhamiri kiini chake ni aibu na hatia, kwamba nilifanya, au niliona sikufanya, au aliyekuwa juu yangu alitusaliti. Mtu wa hivi unaweza kumwambia "hapa upo salama" mara mia na haimsaidii kitu, hana shida ya usalama, anaamini yeye ni mtu mbaya na anaamini mkijua mtamkimbia. Ndo maana hafungui mdomo. Maoni yangu wakimya wengi wamebeba hili kuliko hofu, na pombe kwao ni adhabu na dawa humohumo.

Kuna utafiti watu wa soba hausi wanapenda kuutaja, wa Lee Robins. Askari wengi wa Marekani kule Vietnam walikuwa wanakula unga, yaani heroini, karibu mmoja kati ya watano alishakuwa teja, mwaka 1971 serikali yao ikaingiwa hofu, wakaanza kuwapima mikojo kabla ya kuwapandisha ndege. Robins akawafuatilia wakirudi, akakuta walio wengi wameacha, wachache sana walirudi kwenye uteja mwaka ule wa kwanza. Kutokana na hapo watu wanasema hama mtaa utapona, na kwa baadhi ni kweli, kona uliyokuwa unanunulia ikiwa mbali na washkaji wakiwa mbali, hamu inapungua. Ila mwenye kiwewe kinachomsukuma kunywa kipo ndani, alipanda nacho ndege. Unaweza kumhamisha Temeke ukampeleka shamba Njombe na saa nane ya usiku itamkuta kulekule.

Kwa hiyo ule utaratibu wa zamani wa "acha pombe kwanza, ukikaa miezi sita msafi ndo tuongelee ya vita" unawafelisha wengi. Unamnyang'anya mtu kitu pekee kinachomlaza halafu unamwachia ndoto zake. Sa hivi mwelekeo ni kutibu vyote kwa pamoja, mtu anapunguziwa kilevi chini ya uangalizi huku anaanza tiba ya maongezi yenyewe. Si kupiga stori tu. Kuna aina ambapo anasimulia tukio kwa mpangilio, tena na tena, na mtaalamu pembeni, wiki baada ya wiki mpaka mwili unaacha kulishtukia, na kuna nyingine wanachambua zile imani za "ni kosa langu". Dawa zipo pia, sertraline na paroxetine ndo zinajulikana zaidi, za kuandikiwa na daktari. Valium kujinunulia duka la dawa hapana, haiponyeshi kiwewe, ina uteja wake, na ukichanganya na pombe unaweza kuacha kupumua.

Hapa naomba ndugu wa mgonjwa wasome taratibu. Watu wanajua arosto ya unga, yale mateso ya kukosa kilevi, inavyotisha, mtu anagaragara, anatapika, anaomba kufa, kumbe yenyewe kwa mtu ambaye hana ugonjwa mwingine ni nadra kuua. Arosto ya pombe ndo inaua. Mnywaji wa kila siku wa miaka mingi mkimfungia ndani ghafla kwa nia njema kabisa, au mkimpeleka mahali pa maombi asiguse tone, siku ya pili ya tatu anaweza kupata degedege, akaanza kuona vitu havipo, joto likapanda, akafa. Huyo anatakiwa hospitali, apunguziwe kwa dawa, apewe na vitamini B1. Na hospitali haimaanishi Milembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma, kama mnavyotaniana, hospitali za rufaa zina madaktari wa akili, na kwa wa unga Muhimbili wanatoa methadone, dawa ya kutuliza arosto, tangu 2011.

Akishakaa sawa, mwacheni akae na askari wenzake waliopitia na wameacha. Watu wa aina hii wanafunguka kwa mtu mwenye kombati ya zamani kabatini kuliko kwa daktari kijana. Bill Wilson, mmoja wa wawili walioanzisha vikundi vya walevi walioacha pombe kule Ohio, Marekani, mwaka 1935, naye alikuwa afisa vita ya kwanza, na alianza kunywa akiwa jeshini hukohuko.

Kuteleza kutakuwepo, kwa wengi. Angalieni tarehe. Kuna anayekaa msafi mwaka mzima halafu Desemba ikiingia anaanza kuwa mkali, halali, anatoka jioni bila kuaga, na nyumbani wanadhani ni hela za sikukuu zinamchanganya, hawajui kwamba tarehe saba kuna watu wake. Mkiijua hiyo tarehe mapema mpigieni mwenzake wa kikosi aje kushinda naye siku hiyo. Na mkesha wa mwaka mpya mwambieni saa ngapi majirani wanapiga fataki.