Beetle 1600: kabla hujanunua kabureta kubwa, angalia jeti

Watu wananiuliza sana, fundi nina Beetle ya 1600, niweke kabureta mbili za Weber iwe na nguvu? Na mimi nauliza, injini ni ya kiwandani au ishachokonolewa? Kama pistoni ni zilezile za 85.5 na kemshafti haijaguswa, kabureta moja ya Solex 34 PICT-3 iliyo nzima inakutosha kabisa. Kabureta kubwa mno kwenye injini ya kawaida hewa inapita polepole pale kooni, mafuta hayavutwi vizuri, ukikanyaga gari inasita kwanza halafu ndo inaondoka.

Solex yako uipime hivi: shika ile shafti ya kipepeo (kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta) uitikise. Ikicheza inavuta hewa pembeni, na sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, haitatulia hata ubadilishe jeti (kile kipande chenye tundu linalopima mafuta) mpaka uchoke.

Sasa jeti. Kubwa inayokuja nayo mara nyingi ni 127.5, yaani tundu la milimita 1.275. Dar, Tanga, Mombasa iache hapohapo. Nairobi uko juu kama mita 1,700, hewa imepungua kama asilimia 15, kwa hiyo mchanganyiko unazidi mafuta kwa karibu asilimia 8, plagi zinatoka nyeusi na masizi. Ila mafuta yanafuata eneo la tundu siyo upana wake, kwa hiyo upana unashusha asilimia 4 tu, unaangukia 122.5. Arusha mi naweka 125.

Tatizo ni safari ya kushuka pwani. Na 122.5 kule chini mafuta yanakuwa machache, na injini ya kupozwa na upepo ikikosa mafuta inapata joto balaa, wa kwanza kuumia silinda namba 3 kwa sababu kwenye injini za kabla ya modeli ya 1971 kipoza oili kimekaa kwenye njia ya upepo wake. Volkswagen wenyewe walijua, kuna distributa (ile inayogawa moto kwa plagi) walizitengeneza zinachelewesha moto wa namba 3. Kwa hiyo tembea na 127.5 kwenye boksi la spana, iko nyuma ya boliti ubavuni mwa bakuli la mafuta, injini iwe imepoa na uweke kitambaa maana petroli itamwagika. Na jeti ikiziba pulizia hewa, usichomeke waya, ukishalikwangua tundu ile namba iliyoandikwa haina maana tena.

Kuna kusita kwingine ambako siyo kosa la jeti. Kama mtu alikufungia distributa ya 009 isiyo na vakyumu (mvuto wa hewa toka kwenye kabureta unaowahisha moto), kabureta hii haielewani nayo, rudisha ya vakyumu kabla hujatoa hela ya jeti.

Sailensa unaiweka kwa skrubu mbili za kushoto, ile kubwa ya hewa na ndogo ya mchanganyiko, ile ya kwenye mkono wa kebo usiiguse. Ndogo ikaze taratibu mpaka mwisho kisha ifungue mizunguko miwili na nusu, kubwa uizungushe mpaka injini ifike mizunguko 850 kwa dakika, injini ikiwa ya moto na choki imefunguka yote.