Mnyonyadamu akifika sifuri, kazi ndiyo kwanza inaanza

Kikao kilichopita cha mchezo wetu wa mezani, ambao mimi ni msimulizi na kila mchezaji humwigiza mhusika wake, niliwapigia wachezaji wangu hodi kwa niaba ya mnyonyadamu. Wahusika wao walikuwa wamepanga nyumba mjini, usiku umeingia, wanagawana dhahabu. Nikagonga meza mara tatu, nikasema kwa upole: "Hodi wenyewe!" Mchezaji mmoja, mkono uko kwenye bakuli la karanga, akajibu palepale: "Karibu!" Wenzake wakamgeukia kama wanataka kumla wao wenyewe.

Kwa kanuni za Dungeons & Dragons, toleo la tano (mimi bado natumia kitabu cha 2014), mnyonyadamu haingii kwenye makazi ya watu mpaka mmoja wa wakaaji amkaribishe. Udhaifu huu ukiupeleka kwa Waswahili hauna maisha marefu. Sisi "karibu" hututoka kabla hatujajua aliye mlangoni ni nani. Na hata mkijifunga midomo, ana uwezo wa kumpumbaza binadamu aliye ndani ya futi 30, akamwona rafiki wa kuaminika kwa saa 24. Anamtazama mpishi wenu dirishani, mpishi anafungua mlango. Ukimwelewa hapo umeelewa namna alivyoundwa: uwezo mmoja unaziba pengo la udhaifu mwingine.

Wachezaji wageni humhesabia pointi za uhai tu, yaani kipigo anachostahimili kabla ya kufika sifuri. Anazo 144, si nyingi kwa kiumbe wa ngazi yake. Lakini kila zamu yake ikianza anarudishiwa 20. Kundi linalomtoa 30 kwa raundi, yaani mzunguko mmoja wa zamu za wote, kwa kweli linamtoa 10. Akipata shingo ya mtu ndiyo balaa: yale madhara ya giza ya kung'ata kwake, yanayopimwa kwa kurusha dadu tatu za pande sita, yanaongezwa kwenye uhai wake, na kiwango cha juu cha uhai wa aliyeng'atwa kinashuka mpaka apate usingizi kamili. Nimeona watu wakichota maji kwa pakacha namna hiyo saa nzima, kisha wananilaumu mimi.

Dawa ipo na haihitaji nguvu. Akiguswa na madhara ya nuru, hata pointi moja, au na maji ya baraka, hajiponyi zamu inayofuata. Chupa moja ya maji hayo ni vipande 25 vya dhahabu. Mkipanga foleni ya kumrushia, mmoja kila raundi, mnapigana na kiumbe mwingine kabisa.

Jua na maji yanayotiririka watu huyataja kwanza, na huyataja vibaya. Ndiyo, akianza zamu juani anaungua 20, na akimaliza zamu mtoni anababuka 20 kama aliyemwagiwa tindikali. Mimi naona hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba akiwa humo hajiponyi, hageuki popo, wala hageuki ukungu. Ukungu ndio roho ya mchezo mzima.

Kwa sababu mkimfikisha sifuri nje ya mahali anapolala, hafi. Anayeyuka kuwa ukungu na kutoroka kupitia hata tundu la ufunguo. Ana saa 2 za kufika kwenye jeneza lake, akichelewa, kwisha. Chukueni penseli. Ukungu huenda futi 20 kwa raundi, raundi ni sekunde 6, na akiwa ukungu hawezi kufanya kitendo kingine chochote, hata kukimbia. Saa 2 ni raundi 1,200, yaani futi 24,000, kama kilomita 7 na kidogo. Chora duara hilo kwenye ramani. Jeneza limo. Halafu ukungu haupiti ndani ya maji, kwa hiyo ufa uliojaa maji chini ya mlango nao ni ushahidi kwamba hakupita hapo.

Akishafika, anarudia umbo lake lakini amepooza, na inapita saa 1 ndipo apate pointi 1. Hapo, na hapo tu, kigingi cha mti kina kazi: ni lazima awe hajiwezi na awe mahali pake pa kulala. Hata hivyo kigingi hakimuui. Kinamgandisha mpaka kichomolewe, nanyi mmalizie wenyewe.

Vitunguu saumu? Katika orodha hii havimo. Na kila mara yuko anayeniuliza kama huyu ni mumiani wa hadithi za nyumbani. Hapana, mumiani alikuwa binadamu, tena mwenye gari, na hakusubiri karibu ya mtu.

Kikao chetu kiliishia chini ya ghala la mvinyo, kilomita 5 kutoka ile nyumba, zikiwa zimebaki dakika 20 kwenye saa ile 1. Yule wa karanga alikuwa ameshachonga kigingi kwa mguu wa kiti. Akakigonga kifuniko mara tatu, akasema, "Hodi."