Nguzo ya umeme ina kivuli, mbona waya wake hauna?

Saa nne asubuhi, jua likiwa limeshachangamka, pita chini ya nyaya za umeme mtaani kwenu uangalie chini. Nguzo imelala vumbini, nyeusi na ndefu. Lakini waya? Utautafuta. Ukibahatika utaona ukanda wa kijivu uliofifia, mpana kuliko waya wenyewe. Mara nyingi hutaona kitu. Na waya uko pale juu, mzima, ndege wametua.

Shuleni tulifundishwa kwamba mwanga husafiri kwa mstari mnyoofu, ukikutana na kitu usichoweza kukipenya unazuiwa, na nyuma ya kitu hicho panabaki giza, yaani kivuli. Ni kweli, ila maelezo hayo yanalichukulia jua kama nukta. Jua si nukta. Kipenyo chake ni kama kilomita milioni 1.4, nalo liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi. Gawanya, utapata takriban 108. Namba hiyo ndiyo inayotuhusu: kitu chochote hulifunika jua lote ikiwa tu uko karibu nacho kuliko mara 108 ya unene wake.

Jaribu na kalamu ya unene wa milimita 8. Ishike juani, vidole viwili juu ya sakafu: kivuli ni cheusi, kingo zake kama zimekatwa kwa wembe. Inyanyue taratibu. Kufika usawa wa kiuno kivuli kimeshapauka na kingo zimeyeyuka, kwa sababu kile kiini cheusi kimeisha njiani, kwenye sentimita 86 hivi. Kumbe kivuli si picha iliyobandikwa ardhini. Ni umbo lililosimama hewani nyuma ya kitu, limechongoka kama ncha ya mkuki, na ncha ina mwisho.

Sasa mfikirie sisimizi aliye chini ya waya wetu, akitazama juu. Kutoka kwake hadi kwenye waya, kwa kufuata njia ya mwanga, ni kama mita 10. Kwa umbali huo, ili jua lizibwe lote panahitajika kitu chenye upana wa sentimita 9. Waya una sentimita moja. Kwa hiyo sisimizi analiona jua likiwa na uzi mweusi katikati, na mwanga unampata kutoka pande zote mbili. Ncha ya kivuli cha waya iliishia juu huko, mita moja tu kutoka kwenye waya. Nguzo, kwa unene wake wa sentimita 25, kivuli chake kizito kinaweza kufika mita 27, ndiyo maana haina shida. Hata hivyo kiangalie vizuri: penye shina la nguzo kingo ni kali, penye kilele zimevurugika. Waliosema kivuli cha mvumo, ule mti mrefu wa jamii ya minazi, huwafunika walio mbali hawakukosea, ila huko mbali kinafika kimechoka.

Hesabu hiyo hiyo inafanya kazi hata kwa Mwezi. Kipenyo chake ni kilomita 3,474. Zidisha kwa 108, unapata kama 375,000. Na Mwezi wenyewe huzunguka kwa umbali wa kati ya takriban kilomita 356,000 na 406,000 kutoka kwetu. Yaani kivuli chake kizito mara kinatufikia, mara kinaishia njiani. Tarehe 3 Novemba 2013 kilifika: watu wa Pakwach, kaskazini mwa Uganda, waliona mchana ukigeuka giza kwa sekunde chache. Tarehe 1 Septemba 2016, huko Rujewa wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, jua lilipatwa tena, lakini safari hii Mwezi ulikuwa mbali zaidi na ncha ya kivuli haikugusa ardhi. Giza halikuingia. Waliovaa miwani ya kutazamia jua waliona duara jeusi katikati na pete ya moto pembeni, sawasawa na sisimizi wetu chini ya waya.