Kisukari: maswali ya benchini Mtwara na Lindi

Siku ya kliniki ya kisukari, maswali yenyewe huulizwa benchini kabla jina halijaitwa. Mbele ya daktari mtu huitikia tu, "Sawa, dokta," halafu akitoka nje anamgeukia jirani yake. Haya ni yale yanayojirudia, iwe Newala, Masasi, Nachingwea au Lindi mjini. Mengi yanahusu kisukari cha aina ya 2, kile kinachowapata zaidi watu wazima. Penye tofauti nimesema.

Mimi nina sukari ya kushuka, mwenzangu ana ya kupanda. Ipi mbaya?

Ugonjwa ni mmoja. Kisukari maana yake sukari imezidi kwenye damu, ama kwa sababu kongosho haitoi insulini, kichocheo kinachoshusha sukari, ya kutosha, ama mwili hauitikii vizuri ile iliyopo. Kushuka, kwa mgonjwa wa kisukari, karibu kila mara huletwa na matibabu: amechoma sindano ya insulini chakula kikachelewa, amemeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, akaenda kupalilia mikorosho tumbo tupu, au amekunywa pombe bila kula. Naling'ang'ania jambo hili kwa sababu anayejiita "wa kushuka" huishia kunywa soda kila siku kama dawa, na sukari inazidi kupanda bila yeye kujua.

Kushuka ni pale mashine ya kupimia sukari inaposoma chini ya 4 (kwa milimoli kwa lita). Mikono inatetemeka, jasho linamtoka hata akiwa kivulini, moyo unakwenda mbio, anaongea yasiyoeleweka au anakuwa mkali ghafla. Mashine ikiwa haipo karibu, usiisubiri. Mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, ile yenye sukari. Ngoja dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini rudia. Ikishapanda, ale chakula. Andazi au chapati si huduma ya kwanza, maana mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu: mlaze kwa ubavu, tafuta usafiri, mkimbize kituo cha afya.

Anayetumia metformini, kidonge kingine cha kisukari, peke yake ni mara chache afike huko.

Nimeambiwa niache wali, nile ugali wa muhogo. Kweli hauna sukari?

Hauna utamu. Wanga upo, tena mwingi, na wanga ukishameng'enywa unakuwa sukari. Unga wa makopa, yaani muhogo mkavu, ni karibu wanga mtupu. Una protini na nyuzinyuzi kidogo kuliko dona. Ming'oko, magimbi, viazi vitamu, ndizi za kupika, hesabu ni ile ile. Sisemi uache. Kumkataza muhogo mtu wa Tandahimba ni kumfundisha kula kwa kujificha. Kinachobadilika ni kiasi, na kile unachoulia.

Chukua sahani ya kawaida. Nusu yake iwe mboga: kisamvu, mlenda, matembele, mchicha. Robo iwe samaki, dagaa, kunde, choroko au mbaazi. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali au wali, bonge lisilozidi ngumi yako mwenyewe. Mbaazi huku kwetu zinalimwa kwa wingi, na wengi wanaziona ni za kuuza tu. Kwa mwenye kisukari ni chakula kizuri, kwani wanga wake unapandisha sukari polepole na protini imo humo humo. Kisamvu nacho kipikwe kwa tui jepesi. Tui zito halipandishi sukari haraka, ila linanenepesha, na unene unaufanya mwili uzidi kuikataa insulini.

Taabu kubwa, kwa maoni yangu, si aina ya chakula. Ni sinia. Wakikusanyika watu sita kwenye sinia moja hakuna anayejua amekula kiasi gani, na mgeni anasukumiwa tonge lingine kwa heshima. Mwenye kisukari apakuliwe sahani yake mapema, akae pale pale na wenzake.

Msimu wa mabibo umefika. Nile au nisile? Na korosho je?

Korosho zina mafuta na protini zaidi kuliko wanga, kwa hiyo kiganja kimoja hakikupandishii sukari sana. Ila zina nguvu nyingi, na aliyeketi kubangua hahesabu viganja. Za chumvi zipunguze, hasa kama presha nayo ipo.

Bibo ni jambo jingine. Tunavyolila, tunafyonza maji na kutema makapi. Maana yake umekunywa juisi na nyuzinyuzi umezitupa. Moja baada ya chakula, sawa. Kikombe cha juisi ya mabibo asubuhi, hapana. Embe vilevile: kipande, si embe dodo zima.

Uraka na nipa, pombe za mabibo, ndivyo vinavyonitia hofu. Pombe inazuia ini kuachia akiba ya sukari, kwa hiyo aliyemeza glibenklamidi au kuchoma insulini anaweza kushuka saa nyingi baadaye, usiku, na walio nyumbani wakadhani kalewa tu.

Namba za mashine zina maana gani?

Kabla ya kula, wengi wanalengewa kati ya 4 na 7. Saa 2 baada ya kula, chini ya 10. Mzee sana, au mtu anayeshuka mara kwa mara, daktari anaweza kumwekea lengo la juu kidogo, kwa hiyo usijilinganishe na jirani. Mashine ikikuonyesha 180 usishtuke: inasoma kwa miligramu. Gawanya kwa 18, unapata 10.

Wapo wanaojinyima siku mbili kabla ya kliniki ili namba ipendeze. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi 2 hadi 3 iliyopita, hakidanganyiki hivyo. Hata bila kipimo hicho, namba nzuri ya siku moja inamfanya daktari akuachie dozi ambayo haikutoshi. Nenda na namba yako ya kweli, hakuna anayetoa zawadi.

Ushauri mmoja wa pesa ya korosho: malipo yakiingia, kabla ya bati na redio, nunua mashine ya kupimia. Ila kwanza uliza bei ya vipimo vyake vya kuchomeka na kama vinapatikana karibu na kwako, kwani mashine ni ya mara moja na vipimo ni vya kila mwezi.

Wameniandikia insulini. Ndiyo nimefika mwisho?

Hapana. Kongosho huchoka kadiri miaka inavyokwenda, na sindano inajaza pengo. Mtoto mwenye aina ya 1, ile ambayo kongosho haitoi insulini, anaihitaji tangu siku ya kwanza. Kabla ya insulini kuanza kutumika kwa binadamu mwaka 1922 huko Toronto, Kanada, watoto hao walikufa ndani ya muda mfupi. Kilichowaua wengi waliopewa sindano "mwishoni" ni kuchelewa kukubali.

Kuihifadhi ndiko kwenye kazi. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka friji, nyuzi 2 hadi 8, na isiguse barafu: ikiganda, itupe. Kama huna friji, uliza zahanati ikutunzie. Iliyofunguliwa inakaa nje takriban wiki 4, mradi isipate joto kali. Iweke kwenye kopo lenye mfuniko, kisha ndani ya mtungi wa udongo uliolowa maji, kivulini, penye upepo. Newala juu mtungi unapoza vizuri. Pwani, kwa unyevu wa hewa, haupozi sana, kwa hiyo usiutegemee kwa chupa za akiba. Paa la bati mchana na dirisha la gari ni sumu kwa insulini.

Ramadhani nitafunga?

Qur'ani yenyewe, katika Al-Baqara, inampa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine. Mwenye aina ya 1, mjamzito, mwenye figo zenye matatizo na aliyeshuka vibaya siku za karibuni wanashauriwa wasifunge. Wengine waende kliniki mwezi mmoja au miwili kabla, dozi zipangwe upya kwa futari na daku. Usijipangie mwenyewe. Kutoboa kidole kupima hakufunguzi kwa kauli ya wanazuoni wengi. Ikishuka chini ya 3.9, au ikipita 16.6, fungua hapo hapo, hata kama adhana imebaki dakika kumi.

Futari yetu ni nzito: mihogo ya nazi, tambi za sukari, uji wa sukari, tende, vyote kwenye mkeka mmoja. Tende moja au mbili, maji, kisha chagua wanga mmoja.

Miguu imekufa ganzi, lakini haiumi. Nina haja ya kuhangaika?

Hapo ndipo pa kuhangaika. Mguu usiouma hauna wa kuulinda. Mtu anakanyaga mwiba asubuhi, analala nao, na siku ya tatu harufu ndiyo inayomwambia. Kila jioni osha miguu, kausha katikati ya vidole, tazama nyayo. Kama macho hayaoni vizuri au kiuno hakikunjiki, mwite mjukuu aangalie na taa. Shambani vaa viatu vilivyofunika vidole, na vikung'ute kabla ya kuvaa. Usiikande kwa maji ya moto wala usiiweke karibu na mkaa. Kidonda chochote, hata kidogo, kionwe zahanati siku hiyo hiyo.

Mlonge unatosha?

Hautoshi. Ukitaka kuutumia mwambie muuguzi, na vidonge usiache.

Mama yetu ana kisukari. Tukimkumbusha anasema tunamsimanga. Tufanyeje?

Acheni kumhesabia matonge mbele ya watu. Badilisheni chungu cha nyumba nzima: sukari isitiwe kwenye birika, kila mtu ajitilie kikombeni, na mboga ipikwe nyingi kwa wote. Kijana mmoja ajifunze kupima na kuchoma sindano, mwingine ajue dalili za kushuka na mahali sukari inapowekwa. Siku ya kliniki asiende peke yake. Anayemsindikiza abebe daftari la namba, vidonge vyote anavyomeza, vya dukani na vya mitishamba pia, na andazi mfukoni, kwa sababu foleni inaweza kufika mchana.