Uchunguzi wa kuongozwa katika sayansi: dhana tano zinazopotosha

Dhana: ni kumwachia mwanafunzi agundue mwenyewe.
Sivyo. Mwalimu huleta swali. Wanafunzi hupanga njia ya kulijibu, hupima na kueleza. Ukiwapa hatua zote, wanafuata maelekezo tu. Ukiwaachia hata swali, huo ni uchunguzi huria, na darasa lisilouzoea hupotea.

Dhana: bila maabara haiwezekani.
Kila kikundi cha watu wanne kipate uzi wa sm 120, jiwe dogo na kubwa, rula, na saa ya simu. Swali: nini hubadili muda wa jiwe linaloning'inia kwenda na kurudi mara moja? Kila mmoja aandike ubashiri wake kimya, dakika 3 (wengi huandika uzito). Kisha wapange jaribio kwenye karatasi. Mwalimu akague jambo moja: je, wanabadili kitu kimoja tu kwa wakati?

Dhana: majibu yakitofautiana, somo limeharibika.
Hapo ndipo penye somo. Anayepima mbembeo mmoja (kwenda na kurudi mara moja) huponzwa na kidole kinachochelewa kubonyeza saa. Apime 20, agawanye. Anayesema "moja" anapoachia jiwe, badala ya "sifuri", amehesabu 19. Kosa gumu kuliona ni kupima uzi hadi kwenye fundo badala ya katikati ya jiwe: jiwe kubwa hurefusha bembea, yaani umbali kutoka uzi ulipofungwa juu hadi katikati ya jiwe, muda huongezeka, na uzito huonekana kuwa ndio sababu. Usiwaambie. Uliza, "Mlipima kutoka wapi hadi wapi?" Jiwe lisivutwe kupita digrii 15 kutoka wima. Wakipima vizuri, mibembeo 20 huchukua karibu sekunde 20 kwa urefu wa sm 25, na 40 kwa sm 100, jiwe liwe dogo au kubwa.

Dhana: ubunifu huja wenyewe wakishika vifaa.
Unahitaji swali lenye majibu mengi sahihi: "Tengenezeni saa ya kupima nusu dakika bila simu." Kikundi kimoja kitatumia sm 100 na kuhesabu 15, kingine sm 25 na kuhesabu 30, kingine sm 50 na kuhesabu 21. Kila kimoja kitetee chaguo lake. Ile ya sm 25 huenda kasi, ni rahisi kupoteza hesabu.

Dhana: kila mada ifundishwe hivi.
Hula muda: dakika 80 kwa kanuni inayoandikwa ubaoni kwa 10. Majina ya sehemu za ua hayachunguzwi, yafundishwe moja kwa moja.